Soli za Kushoto

Katika kibanda changu cha kutengenezea viatu, mtaa wa Cimpunda, juu mlimani, kuna katoni moja ambayo wateja hawaruhusiwi kuigusa. Zamani ilikuwa ya maziwa ya unga. Ndani yake kuna soli kuukuu za viatu vya kuchezea mpira vya binti yangu, zile nilizozitoa kila nilipomshonea nyingine. Juu ya kila soli nimeandika kwa kalamu ya biki mwezi, mwaka, na maneno machache kuhusu mechi: "Baada ya Kavumu." "Mvua." "Mabao mawili." Sikuzitunza kwa ajili ya kumbukumbu. Mpira mgumu wa soli hautupwi, unaweza kukatwa ukawa kisigino cha mtu mwingine. Lakini sikukata hata moja, na siku nilipotambua kwamba sitazikata, zilikuwa zimekwisha kupita ishirini.

Kazi hii sikuisomea. Niliacha shule katika darasa la sita, nikaenda kukaa kando ya mzee mmoja katika soko la Kadutu, nikatazama mikono yake karibu mwaka mzima kabla hajaniruhusu kushika kisu. Mengine nimeyapata katika vitabu vilivyonipitia: kitabu cha Kifaransa cha shule, kamusi isiyo na jalada, na kitabu cha wauguzi ambacho mteja mmoja alikisahau na hakurudi kukichukua. Hicho cha wauguzi nimekisoma mara tatu, na kurasa za mguu mara nyingi zaidi. Niliona kwamba mtu anayefunika miguu ya watu anapaswa kujua kilichomo ndani.

Kitu kimoja sijakiona katika kitabu chochote, nimekijua mwenyewe: mlima wetu unaandika chini ya viatu. Njia ya mkato inayoshuka kutoka kwetu inakata mlima kwa upande, bonde likiwa kushoto. Asubuhi watu wote wanaiteremka haraka. Jioni, wakiwa wamechoka na wamebeba vitu, wanarudi kwa barabara kubwa. Kwa hiyo kiatu cha mtu wa kwetu kinaliwa kwa namna moja tu: cha kushoto upande wa ndani, cha kulia upande wa nje. Mtu wa Nguba, anayetembea kwenye njia zilizolala kando ya ziwa, viatu vyake vinaliwa kisigino, katikati, vyote viwili sawa. Nilikuwa naweza kupokea kiatu na kumwambia mteja mtaa anaoishi. Wengine walicheka, wengine walinitazama vibaya. Mke wangu alikuwa anawaambia:

"Huyu anasomaka biatu sawa padri na misale. Shida ni moja tu, mara ingine anasoma ukurasa ya jana."

Nilikuwa na sheria moja ya kazi. Kiatu kisitoke mezani pangu kikiwa kimelala upande. Hata kama mteja alileta uzi uliokatika tu, nilikiweka kiatu juu ya ubao ulionyooka, nikachuchumaa nikikitazama, na kama kiliegemea nilikisawazisha bila kumwambia. Niliona fahari katika jambo hilo. Ninaiandika hapa kwa sababu ndiyo iliyotuletea shida.

Binti yangu ni mtoto wetu wa mwisho. Alikuwa na miaka kumi na sita aliponiletea viatu vya mpira vya kwanza, vilivyokwisha kuvaliwa na mtu mwingine, sijui katika nchi gani. Juu vilikuwa vizima, chini vimekufa. Nilitafuta jozi nyingine iliyokufa juu lakini nzima chini, nikatoa soli zake pamoja na vile vijino vyake tunavyoviita krampo, nikazishona kwenye viatu vyake kwa uzi wa nailoni mara mbili. Alivivaa palepale, akarukaruka mbele ya kibanda.

"Papa, hii itakufa mbele yangu ao mimi mbele yake?"

"Wewe ukiendelea kukanyanga mawe, itakufa leo."

Alikanyaga mawe miaka yote. Alikuwa anavaa viatu vya mpira tangu nyumbani, anateremka navyo njia ya mkato mpaka uwanjani, ili watu wa mtaa wamwone. Nilimwambia mara nyingi kwamba krampo ni za majani, si za mawe. Alinijibu kwamba majani hayana macho. Jioni alirudi na kandambili, viatu amevifunga kamba shingoni, maana vilikuwa na matope na aliogopa maneno yangu.

Alipoingia chuo cha ualimu, mwaka wa kwanza alikaa benchi. Mwaka wa pili wakampa nafasi ya mbele kabisa, na jezi namba tisa. Mimi sikuwa mtu wa mpira. Nilinunua kijitabu cha sheria za mchezo, nikakisoma, lakini ile sheria ya kuotea haikuniingia. Binti yangu akachukua misumari yangu ya visigino, akaipanga juu ya meza.

"Huu musumari ni mimi. Hii ni adui ya mwisho. Huu mukubwa ni golikipa. Sasa mupira inatoka huku. Minaweza kuenda, ao sitaweza?"

"Utaweza."

"Papa, nimeisha otea. Angalia tena."

Tulirudia mpaka wateja wawili wakaacha viatu vyao wakaanza kubishana kati yao. Tangu siku hiyo nilielewa nilichokuwa nakitazama. Nilikwenda kwenye mechi zote za mjini. Mke wangu alikuja na kiti chake kidogo cha plastiki. Wanaume waliosimama kwenye ukingo wa uwanja hawakuwa na huruma, na mmoja, aliyekuja kila mara na redio sikioni, alikuwa anamwita binti yetu kwa kelele, kwa namba yake ya tisa kwa Kifaransa, neuf.

"Ule wa neuf anakimbia sawa ameacha maharagi ku moto."

"Ameacha kweli," mke wangu akamjibu bila kugeuka. "Na usizani utakula."

Alifunga mabao mengi mwaka ule. Aliyapiga kwa mguu wa kulia, na kwa kuwa anayepiga kwa mguu wa kulia husimama juu ya wa kushoto, mguu wa kushoto ndio ulikuwa unabeba yote. Jambo hilo nililijua kutoka katika kitabu cha wauguzi, na sikulifikiria zaidi.

Mwishoni mwa mwaka huo wasichana walimchagua kapiteni. Kila mmoja aliandika jina kwenye kikaratasi, kocha akavisoma. Kocha wao ni mwanamke mfupi, mwalimu wa michezo wa chuo, anayesema taratibu. Aliniambia baadaye kwamba alipowauliza sababu, hakuna aliyetaja mabao. Walisema kwamba anajua nyumba ya kila mmoja, na kwamba mama wa mmoja akilazwa, yeye ndiye wa kwanza kufika hospitalini na chupa ya chai.

Nilimshonea kitambaa cha kapiteni kwa ngozi laini, ndani nikaweka pamba ili kisimkwaruze. Alilala nacho chini ya mto. Mama yake aliniambia.

Mechi ya Miti, kijiji kilicho nje ya mji, ilikuja miezi michache baada ya hapo. Ilikuwa mechi ya kirafiki, uwanja ulikuwa na matope, na upande mmoja kulikuwa na mfereji wa maji. Mimi sikwenda, niliisikia tu. Aligeuka ili apige, mguu wa kushoto ukabaki umekwama kwenye matope na mwili ukazunguka juu yake. Alianguka, akainuka, akamaliza mechi. Walirudi na lori wakiimba, na yeye aliimba pamoja nao. Alifika nyumbani na bandeji gotini.

"Ni kidonda tu, papa. Ngozi."

Wiki moja baadaye alinipa viatu. Niliviosha, nikatoa soli, nikaandika: "Baada ya Miti. Matope." Nikamshonea nyingine, nikazisawazisha.

Miaka miwili ilipita hivyo. Alikuwa ananiletea viatu mara nyingi kuliko zamani, na kila mara cha kushoto kilikuwa kimeliwa upande wa ndani. Sikushangaa. Watu wa kwetu wote kiatu cha kushoto kinaliwa upande wa ndani. Nilijiambia kwamba amekuwa mzito, kwamba anateremka mlima kwa kasi, kwamba ni yale mawe niliyomkataza. Nilikata, nikashona, nikaweka juu ya ubao, nikachuchumaa, nikakuta kiatu kimenyooka, nikaridhika. Mabao yake yalipungua kidogo. Kocha alisema kapiteni sasa anacheza kwa akili, anapiga pasi zaidi. Mimi pia niliona hivyo, nikaona ni ukomavu.

Katika mwaka wake wa mwisho chuo kilimpeleka kufundisha kwa majaribio katika shule ya msingi ya Nguba. Akaenda kukaa kwa mdogo wa mama yake, hatua chache kutoka ziwani, na uwanja wa mazoezi ulikuwa upande huohuo. Kwa miezi mitatu hakuteremka mlima wetu hata mara moja. Jumapili alipokuja kutusalimu, alikuja kwa gari na viatu vya kanisani.

Siku ya Jumanne, wiki ya mechi ya mwisho ya vyuo, alinitumia viatu vya mpira kupitia kwa dereva tunayemfahamu. Jumamosi wangecheza fainali, na baada ya hapo angemaliza masomo. Nilivigeuza. Soli hizo nilizishona wiki ileile aliyohamia Nguba. Cha kushoto kilikuwa kimeliwa upande wa ndani mpaka kwenye uzi. Kisigino chake kilikuwa karibu kipya. Cha kulia kilikuwa kimeisha chote, sawasawa, kama kimesagwa.

Niliviweka chini, nikasema kwa sauti, ingawa nilikuwa peke yangu: "Nguba haina mlima huu."

Nikafungua katoni. Nilipanga soli zote juu ya meza kwa mistari miwili, za kushoto juu, za kulia chini, kwa kufuata tarehe. Ilinichukua muda, maana nyingine maandishi yalikuwa yamefifia. Zile za mwanzo zilikuwa kama za watu wote wa kwetu: kushoto ndani, kulia nje. Hivyo mpaka Miti. Soli ya kwanza iliyofuata ile ya "Matope", ya kulia ilikuwa imeliwa sawasawa. Iliyofuata hivyohivyo. Za kushoto zilizidi kuliwa upande uleule mmoja, na visigino vyake vilizidi kuwa vizima, maana alikuwa hakanyagi tena na kisigino cha mguu huo. Mlima unakula viatu viwili kwa upande. Kinachokula kimoja tu kwa upande si mlima.

Nilikaa mbele ya ile meza nikitazama kazi yangu. Kila miezi miwili mguu wa mtoto wangu ulikuwa unaniandikia barua, na mimi nilikuwa naifuta vizuri kabla ya kuisoma. Mtu mwingine yeyote, asiyejua lolote kuhusu mlima, angeuliza: mbona kiatu chako kimelala? Sikuuliza kwa sababu nilikuwa na jibu tayari.

Nilimpigia simu aje. Alikuja Jumatano mchana baada ya kufundisha, bado amevaa sketi ya bluu ya walimu na chaki kwenye mkono. Aliziona soli juu ya meza akasimama mlangoni.

"Papa, unafanya nini na bilato yangu?" Bilato, kwetu, ni viatu.

"Niko nabisoma."

"Binasema nini?"

"Binasema unanidanganyaka."

Nilimwonyesha kigoda. "Kaa, mama." Mimi binti yangu ninamwita mama, kama wengi wa kwetu. Akakaa. Nilichukua utepe wa kupimia, nikamwomba aninyooshee miguu, nikapima paja la kulia juu kidogo ya goti, halafu la kushoto mahali palepale. La kushoto lilikuwa jembamba kwa upana wa vidole viwili. Kitabu cha wauguzi kinasema wazi kwamba msuli usiotumika unapungua.

"Tangu Miti?" nikamwuliza.

"Tangu Miti."

"Inauma wakati gani?"

"Kupanda ngazi haiumake. Kushuka, njo iko inauma. Na nikigeuka haraka inakuwa sawa haiko yangu, sawa mutu anaivuta pembeni." Alisema taratibu, akitazama goti kana kwamba ni la mwanafunzi wake. "Nilikuwa nafunga bandeji chini ya soksi. Hakuna mutu anajua. Hata maman."

"Ju ya nini ulinyamaza?"

"Benzangu balinichagua mimi, papa. Kapitene wa ku benchi si kapitene. Nilikuwa nasema, mechi hii, kisha ntasema. Kisha ingine. Sasa imebakia moja tu." Akainua kile kiatu cha kushoto, akanipa. "Unisawazishie. Mechi moja. Kisha ntaenda kwa munganga, naapa. Weka ngozi ndani, upande huu, goti isilale. Wewe unaweza. Hakuna mutu ataona."

Ni kweli, niliweza. Nilikwisha kuiona kichwani ile ngozi, umbo lake na unene wake. Kipande cha ngozi ya ng'ombe, kimepunguzwa kwa kisu upande mmoja, chini ya soli ya ndani. Angekimbia amenyooka dakika tisini, na kocha asingegundua lolote. Na goti lile lisilo na nguvu lingegeuka mara ngapi katika dakika hizo, hilo kitabu hakikuniambia, lakini nililijua.

"Nimekusawazishia miaka mbili," nikamwambia. "Njo maana hatukuona. Kosa ni yangu, mama. Unisamehe."

Alinitazama kama mtu aliyesikia lugha ngeni. Nimewahi kumwomba samahani mke wangu, na wateja mara nyingi. Mtoto wangu, ilikuwa mara ya kwanza.

"Papa, usiseme vile."

"Sitaambia koch. Mudomo ni yako. Lakini bilato sitakupa mpaka yeye ajue."

Akasimama. Akajipangusa chaki kwenye sketi, na chaki ikabaki kwenye sketi. "Basi ntaazima ingine," akasema, akaenda. Nilitoka nje nikamtazama akiteremka njia ya mkato. Sikuwahi kumtazama akiteremka. Mguu wa kulia ulitangulia kila hatua, na wa kushoto ulifuata ukiwekwa kwa ncha, kama mtu anayeingia chumba ambamo mtoto amelala.

Alhamisi hakupiga simu. Ijumaa pia. Mke wangu, niliyekuwa nimemweleza yote, hakunilaumu wala hakunisifu. Alipika ugali, akaniwekea, akakaa.

"Na akivaa bilato ya mwenzake?"

"Atavaa."

"Na akivunjika?"

Nilikuwa na nafasi ya kumpigia kocha, namba yake ilikuwa kwenye simu yangu. Niliitazama ile namba mara kadhaa. Nilijua pia kwamba nikiipiga, binti yangu hataniletea tena kiatu chochote, na mguu wake utaandika mahali ambapo sitausoma. Hayo ndiyo niliyoyapima siku mbili zile, na sina hakika hata leo kwamba nilipima vizuri. Ijumaa jioni niliamua kwamba nikimwona uwanjani na viatu vya mtu mwingine, nitaingia uwanjani mwenyewe, mbele ya watu wote, nimtoe.

Haikuhitajika. Jumamosi asubuhi, nikiwa nafungua kibanda, waliteremka kutoka barabara kubwa watu watatu: kocha, binti yangu, na msichana mwembamba wa mwaka wa kwanza niliyemfahamu kwa sura, yule aliyekuwa akiingia badala ya binti yangu dakika za mwisho. Binti yangu alikuwa na macho ya mtu aliyelia na akamaliza.

"Papa, jambo," kocha akasema. "Kapitene alinieleza jana. Nilimukamata mukono, nikamupeleka kwa munganga wa chuo. Leo hatacheza. Hata dakika moja."

"Aksanti, koch."

"Usiniaksanti. Mimi namuona kila siku, na sikuona." Akavuta kigoda akakaa bila kukaribishwa. "Sasa tuko na shida ingine. Huyu."

Yule msichana mwembamba alitoa mguu mbele. Kiatu chake kilikuwa kimefunguka kuanzia kidoleni mpaka katikati, amekifunga kwa kamba ya katani.

"Hii njo unachezaka nayo?" nikamwuliza.

"Ndiyo, papa. Ikicheka sana naifunga mdomo."

Binti yangu alicheka, mara ya kwanza siku nyingi. Kisha akaingia ndani ya kibanda, akachukua viatu vyake kwenye rafu, akaviweka mbele ya mwenzake.

"Papa, mupime huyu. Avae yangu."

"Yaya, hapana," msichana akasema, akimwita dada mkubwa kama tunavyosema kwetu. "Hii ni yako. Batu batasema nakukamatia nafasi."

"Nafasi siikamatishi mutu, naiacha. Leta mguu. Na usitembee nayo ku mawe, papa atakuimbia mpaka Pasaka."

Nilipiga magoti nikampima. Urefu ulikuwa sawa, upana ulikuwa pungufu. Nilikuwa na muda wa saa mbili. Nilimkatia soli ya ndani nene kidogo pembeni ili mguu usicheze, nikabadilisha kamba, nikatoa zile soli mbili zilizoisha, nikashona nyingine. Safari hii kusawazisha kulikuwa haki, maana mguu ule haukuwa na siri. Binti yangu alikaa karibu yangu akinipa uzi, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo. Nilipomaliza alichukua ile soli ya kushoto iliyotoka, akachukua na biki, akaandika mwenyewe. Sikusoma wakati ule. Aliiweka katika katoni.

Fainali ilikuwa mchana. Kitambaa cha kapiteni binti yangu alimvalisha golikipa mkononi, akakikaza mara mbili, akampiga begani. Halafu akaenda kukaa benchi na kandambili zake, mguu wa kushoto ameunyoosha juu ya mfuko wa mipira. Nilidhani atanyamaza. Tangu dakika ya kwanza alisema, na sauti yake ilifika mpaka kwetu upande wa pili. Aliwaita wote, mmoja mmoja. Alimwambia yule mwembamba asubiri, asiotee, ahesabu misumari. Wale waliokuwa karibu naye hawakujua misumari ni nini.

Yule mwanaume mwenye redio alikuwepo. "Wa neuf leo iko wapi? Maharagi imeungua?"

"Imeiva," mke wangu akasema. "Leo iko anapakua."

Tulifungwa mawili kwa moja. Lile letu moja sikuliona. Watu wote waliinuka, mke wangu akanishika bega, na mimi nilikuwa natazama viatu: cha kushoto kilivyokanyaga chini kwa kisigino, kizima, na mwili ukazunguka juu yake bila kuyumba. Nilipoinua macho mpira ulikuwa tayari wavuni, na yule msichana alikuwa anakimbia kuelekea benchi badala ya kuelekea kwa mashabiki. Alimwangukia binti yangu miguuni. Binti yangu alimwinua kwa haraka, akamgeuza, akamsukuma arudi uwanjani, maana mechi haikuwa imekwisha.

Daktari wa hospitali alisema kano moja ya goti ilichanika nusu zamani, na kwamba dakika tisini nyingine zingeweza kuimaliza. Binti yangu hakuhitaji kupasuliwa. Alihitaji mazoezi ya mwaka mzima, kila siku, na uvumilivu. Nilimshonea mfuko wa ngozi wa kufunga kifundoni, nikautia mchanga wa ziwa uliopimwa, na kila mwezi niliongeza kidogo. Alfajiri kabla ya shule alikaa ukingoni mwa kitanda akiinua mguu na kuushusha, akihesabu kwa Kifaransa, na mama yake akimkosoa akiruka namba.

Mpira wa mashindano hakuurudia. Sisemi kwamba haikumwuma. Wiki za mwanzo hakutaka kupita karibu na uwanja, na katoni yangu alikuwa haitazami. Viatu vya binti yangu yule mwembamba alivileta baada ya fainali, ameviosha, amevitia magazeti ndani visikunjane. Binti yangu akamwambia avirudishe nyumbani kwake, na kwamba soli zikiisha anajua pa kuzileta. Anazileta kweli. Zinaliwa vizuri.

Sasa binti yangu anafundisha katika shule ya msingi, hapa kwetu juu, na anateremka kila asubuhi. Wasichana wa darasa lake la sita wamemwomba awafundishe mpira, na Jumatano mchana ninamsikia kutoka kibandani akiwaita mmoja mmoja kama siku ile. Kwanza anawakagua viatu. Anawaamuru wavivue, anavigeuza, anatazama chini. Mzazi mmoja alikuja kuniuliza kama mwalimu huyu yuko sawa.

Mwezi uliopita aliniletea viatu vyake vyeusi vya kazini. Kabla ya kuvipokea niliinua ile soli ya mwisho katika katoni, aliyoiandika mwenyewe siku ya fainali, ambayo nilikuwa nimeisoma kwa mara ya kwanza siku chache tu kabla yake. Ameandika tarehe, na chini yake: "Papa aliona." Niliirudisha mahali pake. Nikavigeuza viatu vyeusi, cha kushoto kwanza, halafu cha kulia, nikaviweka juu ya ubao, nikachuchumaa, nikatazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Cha kushoto kilikuwa kimeliwa kidogo upande wa ndani. Cha kulia kilikuwa kimeliwa kidogo upande wa nje. Visigino vyote viwili vilikuwa vimekanyagwa.

"Binasema nini?" akaniuliza. Alikuwa amesimama mlangoni na rundo la madaftari kifuani, na sauti yake haikuwa ya mzaha.

"Binasema unashukaka Cimpunda sawa batu bote."